Tiki Kumi na Moja

Kimumu, Eldoret
17 Mei 2025

Mpendwa Mwalimu Wahu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Shangazi yako, Mama Waiyego wa dukani, ameniambia lori lake litashuka Ol Kalou kesho kuchukua viazi, na kwamba nikitaka kukuandikia niandike leo. Kwa hivyo nisamehe mahali nilipofuta.

Tangu umalize mafunzo yako ya ualimu hapa kwetu, Gredi ya Nane tumepewa Mwalimu Wabuge katika michezo. Ni mtu mcheshi. Siku ya kwanza aliuliza ni nani huja shule kwa miguu. Tulipoinua mikono wote akasema basi mmeshapasha mwili moto, watoto wa Eldoret huzaliwa wamepasha. Tulicheka. Anasali kanisani kwetu, na ndiye aliyemtafutia Baba kazi ya kukata nyasi hapa shuleni, kwa hivyo nyumbani tunamheshimu sana.

Amenichagua niwe mwandishi wa rejista ya kupasha mwili, ile uliyoianzisha. Alisema mwandiko wangu ni kama wa kuchapishwa. Chepkorir anasema nimepewa kalamu kwa sababu siwezi kufunga goli hata pete iteremshwe hadi kiunoni kwangu. Ni kweli katika netiboli mimi ni wa akiba na yeye ndiye mfungaji wetu. Mwezi ujao kwenye mashindano ya zoni atakuja kocha wa shule moja ya bweni kumtazama. Akimpenda, Chepkorir atasomea huko.

Sijasahau hata zoezi moja. Kukimbia polepole kwenda na kurudi, kukimbia kando kando, kusimama kwa mguu mmoja mkirushiana mpira, kulala umejinyoosha kama ubao juu ya viwiko hadi hesabu ya thelathini, kisha kuruka na kutua. Nakumbuka ulivyokuwa ukifumba macho tukitua, na ukisikia miguu ya mtu unasema, "Tena. Paka hasikiki." Dakika kumi na tano, kabla mchezo haujaanza.

Rejista imejaa tiki, Mwalimu. Hakuna mraba ulio wazi.

Mwanafunzi wako,
Nelima Mukhwana


Ol Kalou
1 Juni 2025

Nelima,

Barua yako ilinifikia ikiwa na vumbi la viazi na niliisoma nimesimama mlangoni. Bado sijaajiriwa. Nasaidia katika shule ndogo hapa karibu na nyumbani, ambako watoto wanapewa mpira na kuambiwa, haya, chezeni. Nikiwaambia walimu wenzangu kwamba huko Kimumu kuna msichana wa miaka kumi na tatu anayesimamia jambo hili bila mimi, wananitazama kama ninayejisifu. Nakili ukurasa mmoja wa rejista unitumie. Nataka wauone.

Mnapokwenda zoni, jambo moja. Siku za mashindano watoto hukalishwa kwenye nyasi wakisubiri wageni na hotuba, na mwili uliopoa hurudi mwanzo. Pasheni mwili dakika za mwisho kabla ya kuingia uwanjani, hata kama ni pembeni ya choo. Mimi nilitua vibaya nikiwa kidato cha pili, na hadi leo goti hunilia nikipanda ngazi.

Na usiwaahidi wenzako muujiza. Mazoezi haya ni mwavuli tu. Mvua ikizidi utalowa, lakini ni nani mwenye akili anayeuacha nyumbani akiona wingu?

Nisalimie Chepkorir. Mwambie atue kama paka.

Wahu


Sugoi
21 Juni 2025

Nelima wewe,

Naandika kwa sababu simu ya Kogo, nyanya yangu, haifai. Kipaza sauti chake kimekwama, ukiongea naye boma zima linakujibu. Barua hii inakuja na mtu wa maziwa, anayefika Kimumu Jumanne na Jumamosi. Mpe jibu hapo kwa shangazi yangu anapoacha mtungi.

Daktari amesema kano ya ndani ya goti imekatika. Huenda nikapasuliwa, huenda nisipasuliwe, lakini kuruka ni baada ya miezi tisa. Kogo amesema watu hupata mtoto kwa miezi tisa, mimi nitapata goti. Nilicheka nikaumia.

Yule kocha alinitazama dakika sita. Nilihesabu nikiwa chini. Niliruka kuchukua mpira wa juu, nikatua, na nikajisikia nikitua, Nelima. Kama gunia. Mwalimu Wahu angesema "Tena," lakini hapakuwa na tena.

Sasa sikiliza. Mama alikwenda shuleni Jumatatu. Mwalimu mkuu alimwonyesha rejista ya siku ile ya zoni. Tiki kumi na moja, na mbele ya jina langu X. Mama hajanigombeza. Anaongea na Kogo kama sipo. Anasema, wenzake wote walipasha mwili, yeye alikuja amechelewa akaingia hivyo hivyo. Anasema mtoto amejivunja mwenyewe.

Na ni kweli nilichelewa. Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa shangazi nakausha soksi nyeupe juu ya jiko, kwa sababu ya ule ukungu wa wiki nzima hazikuwa zimekauka, na Mwalimu Wabuge alisema asiye na soksi nyeupe hachezi. Nilipofika mlikuwa mmeshaingia uwanjani, filimbi iko mdomoni.

Tangu Mei hatujapasha mwili hata siku moja, mara kipindi kimechukuliwa na hesabu, mara Mwalimu anasema tusipoteze muda. Halafu siku moja tu mnapasha, na siku hiyo mimi nakausha soksi. Hiyo ni bahati ya nani?

Najua ni wewe uliyewasukuma. Asante hata hivyo. Angalau nyinyi mko salama.

Mimi wako kilema,
Chepkorir


Kimumu
24 Juni 2025

Mpendwa Chepkorir,

Pole sana. Barua yako ilifika na doa la maziwa lakini ilisomeka yote.

Hapa baridi imezidi. Asubuhi hatuoni mlingoti wa bendera hadi saa tatu. Tulifanya mtihani wa Sayansi na swali la saba lilimshinda kila mtu. Kiti chako hakijakaliwa, nimeweka begi langu juu yake. Siku ile ulipobebwa nilichukua soksi zako pale kando ya uwanja, walipokuvua. Nimezifua. Ziko kwetu.

Usijilaumu sana. Mambo mengine si vile yanavyoonekana.

Kula vizuri. Msalimie Kogo.

Rafiki yako,
Nelima


Kimumu
28 Juni 2025

Mwalimu Wahu,

Sikutumi ukurasa ulioomba. Naomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Nilikudanganya mwezi wa Mei. Tangu uondoke hatukupasha mwili hata mara moja. Mwalimu Wabuge aliposikia maofisa wa elimu wanazunguka shule, aliniita baada ya masomo akanipa rejista nijaze wiki zote. Nilimwambia hatujafanya. Akasema, "Nelima, mwanangu, hii ni karatasi. Karatasi hula wino, hailii." Alisema kwa utani, na kila mtu katika ofisi ya walimu akacheka, nami nikajaza. Niliona aibu kidogo, lakini ukurasa ulipokamilika ulikuwa mzuri, na nikaupenda. Ndipo nikakuandikia.

Siku ya zoni tulikaa kwenye nyasi zenye umande saa mbili nzima. Mgeni alichelewa, kisha hotuba zikawa tatu. Nilikumbuka barua yako. Nilikwenda kwa Mwalimu Wabuge nikamwomba dakika kumi pembeni. Akaniambia nirudi nikae, nisiaibishe shule kwa kurukaruka mgeni akiongea. Nilirudi nikakaa. Tuliitwa, timu ikaingia. Chepkorir alifika akikimbia, akaingia nao. Katika dakika ya sita goti lake lilikatika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepasha mwili.

Jumatatu asubuhi, kabla mama yake hajafika, Mwalimu Wabuge aliniita tena. Alisema wachezaji kumi na mmoja niwawekee tiki. Kisha akasema, "Chepkorir mwekee X. Alichelewa, au nasema uongo?" Nikasema hapana. Akasema basi andika.

Niliandika. Katika ukurasa mzima wa siku ile, alama ya kweli ni moja tu, na ndiyo waliyoitumia kumwangusha. Sasa yeye na mama yake wanaamini kwamba ni kosa lake. Ameniandikia kunishukuru, Mwalimu. Nami nilimjibu habari za mtihani wa Sayansi.

Nikisema, Baba atapoteza kazi. Nisiposema, Chepkorir atabaki na lile goti pamoja na lawama yake. Niambie la kufanya. Wewe ndiwe mtu mzima ninayemwamini.

Nelima


Ol Kalou
6 Julai 2025

Nelima,

Nilikasirika siku mbili. Nilikuwa nimewaambia watu. Siku ya tatu nikakumbuka jambo, na hasira ikageuka ikanitazama mimi.

Wiki ya tatu ya Machi mvua ilinyesha Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Hatukutoka darasani. Msimamizi wangu kutoka chuoni alikuwa anakuja Ijumaa kunipa alama. Nilikuita mezani, nikakupa kalamu, nikakwambia, "Jaza tu, tutafidia wiki ijayo." Hatukufidia. Pengine umesahau. Ulijaza kwa mwandiko ule mzuri, msimamizi akausifu, nikapata alama ya juu. Kwa hivyo Mwalimu Wabuge hakukufundisha kitu kipya. Alimkuta mtoto aliyekwisha kufundishwa, na mimi ndiye niliyekufundisha.

Unaniuliza la kufanya. Jibu unalijua, ungekuwa hulijui usingeniandikia kurasa mbili. Mwambie Chepkorir. Usimwambie kwamba angepasha mwili angepona, maana hilo hakuna anayelijua. Mwambie yaliyotendeka, basi.

Utataka nimwandikie mwalimu mkuu. Sitamwandikia. Nasubiri barua ya mapendekezo kutoka shule hiyo ndipo niajiriwe, na nimeisubiri tangu Aprili. Nakueleza hili wazi ili usije ukadhani watu wazima wakinyamaza ni kwa sababu wana hekima.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Wahu


Sugoi
8 Julai 2025

Nelima,

Goti limepungua kuvimba. Sasa linafanana na viazi vya Mama Waiyego, si tena na kabichi.

Nina ombi. Mwalimu mkuu amesema nitakaporudi muhula ujao nije na barua ya kuomba radhi. Niseme kwamba nilichelewa, nikaingia uwanjani bila kupasha mwili wakati wenzangu walikuwa wamepasha, na kwamba shule haina lawama. Mama atatia sahihi chini. Anataka iwe safi, bila kufutafuta, kwa sababu itawekwa kwenye faili.

Unajua mwandiko wangu, kuku akipita juu ya unga. Niandikie wewe. Uliyasoma yote ya barua rasmi, anwani mbili na kile kichwa cha MINT au KUH na nini. Mimi nitanakili jina langu tu mwishoni. Mama amekubali. Alisema, huyo rafiki yako Mbukusu ana mkono wa karani na ana adabu, mpe yeye.

Niandikie ifikapo Jumamosi. Na weka mahali fulani kwamba ninasikitika kuhusu soksi. Hapana, usiweke. Watacheka.

Chepkorir


Kimumu
12 Julai 2025

Chepkorir,

Umeniomba barua ya kuomba radhi. Nimeiandika, lakini ni yangu.

Hatukupasha mwili siku ile. Hakuna aliyepasha. Tulikaa kwenye nyasi tukisikiliza hotuba mpaka tulipoitwa. Ungefika saa kumi na mbili asubuhi na soksi zilizokauka, ungekaa nasi kwenye umande, na ungeingia uwanjani vilevile ulivyoingia. Zile tiki kumi na moja niliziweka mimi Jumatatu, ofisini, baada ya wewe kulazwa. Ile X pia niliiweka mimi. Niliambiwa, lakini mkono ni wangu.

Uliponiandikia asante niliisoma. Nilijua. Nilikujibu habari za ukungu.

Sijui kama kupasha mwili kungeliokoa goti lako. Mwalimu Wahu anasema hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba hukujivunja mwenyewe, na kwamba hupaswi kuandika barua yoyote kwa mtu yeyote.

Jana nilimpelekea mwalimu mkuu barua rasmi ya haya yote, yenye tarehe na majina, na jina langu chini. Nimekunakilia hapa nyuma. Mwonyeshe Mama yako. Mwambie sina adabu aliyodhani ninayo.

Soksi zako zinakuja na barua hii.

Nelima


Kimumu
26 Julai 2025

Mwalimu Wahu,

Nimefanya, na nitakueleza jinsi ilivyokwenda.

Niliitwa ofisini Jumatatu. Baba aliitwa pia. Alitoka moja kwa moja uwanjani, akasimama mlangoni na vipande vya nyasi kwenye buti zake, akaogopa kukanyaga zulia. Mwalimu mkuu aliuliza ni nani aliyenifundisha kuandika mambo kama haya. Nilisema ni mimi mwenyewe. Sikukutaja, kwa hivyo barua yako ya mapendekezo itakuja.

Mwalimu Wabuge hakukasirika. Alitabasamu kwa huzuni, kama anavyofanya kanisani akiombea wagonjwa, akasema mtoto ameumizwa na ajali ya rafiki yake na sasa anachanganya siku. Kisha akatoa rejista. Haikuwa ile yangu. Ilikuwa mpya, yenye jalada la bluu, imejazwa tangu Mei kwa mwandiko nisioujua. Tarehe kumi na tatu Juni, siku ya zoni, ilikuwapo. Tiki kumi na moja. X moja. Niliitafuta ile ya zamani kwa macho ofisini kote. Sijaiona tena.

Mwalimu mkuu alimgeukia Baba akamuuliza, "Mzee Mukhwana, unamwamini nani?" Baba alitazama zile buti zake. Alisema, "Huyu hajui kusema uongo vizuri. Ningekuwa nimemkamata." Basi. Kazi ya nyasi imepewa mtu mwingine. Tulirudi nyumbani yeye akisukuma baiskeli, hakuipanda, hadi tulipofika kwenye lango letu. Hapo akaniambia, "Umesema. Sasa nyamaza kidogo, tule." Sijui kama hiyo ilikuwa hasira. Siku mbili hizi huamka saa kumi na moja kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mahindi.

Mimi si mwandishi wa rejista tena. Chepkorir hajanijibu. Mtu wa maziwa amepita mara tatu, na kila mara anatikisa kichwa hata kabla sijauliza.

Nilikusamehe lile la Machi. Nilikuwa nalikumbuka, Mwalimu, sikulisahau. La mapendekezo bado ninalifikiria.

Kuna kitu kimoja zaidi. Asubuhi ni baridi, nami huwahi kufika. Nimeanza kufanya yale mazoezi peke yangu nyuma ya jikoni, ili nisitetemeke wakati wa gwaride. Wiki hii wamekuja wasichana wanne wa Gredi ya Tano. Mmoja wao, Nabalayo, anatua bila kusikika kabisa. Hakuna anayeandika chochote.

Nelima


Sugoi
2 Agosti 2025

Nelima,

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia chini ya godoro. Kogo aliikuta akitandika. Hajui kusoma, akampa Mama aje amsomee kwa sauti, kwa hivyo boma zima limeisikia kama simu.

Mama hakusema pole. Alitoka nje, akakaa huko, akarudi akanipikia chai ya maziwa matupu, bila tone la maji, akaniletea kitandani. Kwetu hiyo ndiyo pole. Siendi kuomba radhi kwa mtu. Pia sirudi shule hiyo. Nitasomea hapa Sugoi, nitatembea na fimbo na watoto wataniita Mzee, tayari wameanza.

Sasa wewe. Wiki tatu ulijua. Nililala hapa usiku nikihesabu zile dakika za soksi, kwamba ningeziweka karibu zaidi na moto, kwamba ningevaa mbichi. Ulikuwa unajua, na ukanieleza swali la saba la Sayansi. Mwalimu Wabuge ni mwongo, sawa, sikuwa namtegemea. Wewe nilikuwa nakutegemea.

Usiniandikie pole. Ninazo za kutosha. Sijui kama sisi ni marafiki na sitaki kuulizwa sasa.

Lakini kuna jambo la kazi. Mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini amesema nianze kusimama kwa mguu mmoja, nikishika kitu. Alinipa karatasi yenye picha, Kogo akaitumia kuwashia jiko. Nilipoikumbuka karatasi hiyo kichwani nikaona ni yale yale ya Mwalimu Wahu, kasoro kukimbia. Asubuhi nasimama hapa kwenye ua wa ng'ombe, nashika uzio, nahesabu. Nafika kumi na nne.

Nakumbuka mengine, mengine nimechanganya. Niandikie yote kwa mpangilio, kwa mwandiko wako huo. La kuruka na kutua liweke mwisho kabisa, nitalifikia mwakani. Chora miraba ya kila siku pembeni kama ulivyokuwa ukichora, kwa rula.

Iache wazi. Tiki nitaweka mwenyewe.

Chepkorir